Wanaobaki Ndio Wanaohesabiwa

Mhasibu wa mishahara katika kampuni ya watu 300 anajua jambo ambalo mara nyingi mkurugenzi wake halijui. Mkurugenzi anajua kwamba mwaka jana walikuwa 300 na mwaka huu ni 300, kwa hiyo kwake mambo yametulia. Mhasibu anajua kwamba katika miezi hiyo 12 ameingiza majina mapya 60 kwenye orodha na kufuta mengine 60, ameandaa malipo ya mwisho ya kila aliyeondoka, amefuatilia namba za NSSF za kila mgeni, na kwamba kuna nafasi moja kule kwenye ufungashaji ambayo tangu Januari imeshikwa na watu wanne. Jumla ni ileile, lakini waliomo si walewale.

Kampuni ya ukubwa huu wa kati ndiyo ngumu kuliko zote kuielewa kwa macho. Karakana ya watu 12 haihitaji takwimu: mmoja akiacha kazi, kila mtu anajua sababu, na pengine wenzake wamemsindikiza hadi stendi. Kampuni ya watu 20,000 ina idara nzima ya kuhesabu mambo haya. Ile ya katikati imeshakua kiasi kwamba mkurugenzi hawajui wote kwa majina, ila bado anajiona kama anawajua. Kila mwisho wa mwaka analetewa mezani mambo matatu: tuko wangapi na wa aina gani, wameondoka wangapi, na waliopo wanajisikiaje kazini. Nataka tuyachambue matatu hayo polepole, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaimudu. Naamini kampuni nyingi zinayasoma vibaya, na wanaoumia kwa usomaji huo mbaya ni watu ambao hawamo tena kwenye orodha ya kuulizwa.

Kampuni ya mfano nitakayoitumia nimeitunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme ni kiwanda cha kusindika juisi na sosi ya nyanya, chenye uzalishaji, ghala, mauzo, ofisi, na watu 300 wanaolipwa kila mwezi.

Watu 300 mara miezi 12 ni mishahara 3,600 kwa mwaka. Sasa jiulize: mishahara hiyo inakwenda kwa nani? Inakwenda kwa watu ambao kila mmoja wao, siku fulani, aliingia mlangoni kama mgeni. Kila anayeingia atachukua idadi fulani ya mishahara kabla hajaondoka: huyu mitatu, yule mia mbili. Hakuna mshahara unaolipwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa. Basi kama hali ya kampuni ni ileile mwaka hadi mwaka, na kila mwaka wanaingia wageni 60, mishahara 3,600 lazima ilingane na wageni hao 60 mara idadi ya mishahara ambayo kila mmoja wao, kwa wastani, ataichukua. Gawanya 3,600 kwa 60, unapata 60. Miezi 60, yaani miaka 5. Hatukumuuliza mtu yeyote amekaa muda gani wala hatukufungua faili la mtu. Kutokana na idadi ya waliopo na idadi ya wanaoingia peke yake, tumejua wastani wa muda ambao mtu anadumu.

Mmarekani John Little alithibitisha kanuni hii kwa ukamilifu mwaka 1961, alipokuwa akishughulika na nadharia ya foleni: idadi ya waliomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Inafanya kazi kwa wagonjwa waliolazwa wodini na kwa wateja waliopanga mstari benki. Nguvu yake ni kwamba haijali kama muda wa kukaa unafanana kwa wote au unapishana vibaya sana. Udhaifu wake unatokana na hilohilo, na tutaufikia.

Kwanza tuitumie kusoma historia. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford huko Highland Park, Michigan, kilikuwa na wafanyakazi karibu 14,000 kwa wakati mmoja. Ili idadi hiyo isipungue, kiliajiri watu zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka huo. Gawanya 14,000 kwa 52,000: mtu wa kawaida alidumu kama miezi mitatu na wiki moja. Huo ndio mwaka ambao mkanda wa kusogeza gari kutoka mfanyakazi hadi mfanyakazi ulifungwa kiwandani, kazi ikakatwakatwa vipande vidogo, na mwendo wa mikono ya mtu ukawa unaamuliwa na mashine. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, kutoka chini kidogo ya dola 2 na nusu, na siku ya kazi ikapunguzwa kutoka saa 9 hadi 8. Walioondoka, wakilinganishwa na waliokuwepo, walikuwa asilimia 370 mwaka 1913. Mwaka 1914 wakawa asilimia 54, na mwaka 1915 asilimia 16. Kwa kanuni yetu, kasi ya asilimia 16 ingeendelea vilevile, mtu angedumu miaka zaidi ya 6.

Wengi hukimalizia hapo kisa hiki, wakihitimisha kwamba ukilipa vizuri watu wanafurahi na wanabaki. Kwamba walibaki ni kweli. Lakini karibu nusu ya hizo dola 5 ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, na mgawo huo ulikuwa na masharti. Kampuni ilianzisha idara ya kuchunguza maisha ya wafanyakazi. Wachunguzi walikwenda majumbani kuuliza nani anakunywa pombe, nani anaweka akiba, nyumba ni safi kiasi gani, ndoa ikoje. Isitoshe, mwaka 1914 uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora na kazi nyingine zilikuwa adimu. Mtu hubaki kwa sababu kazi inamfaa, na mtu hubaki pia kwa sababu hana pa kwenda au kwa sababu familia yake imeshazoea kipato ambacho hakipatikani kwingine. Kiwango cha kuondoka hakitofautishi mambo hayo. Anayekichukulia kuwa kipimo cha ustawi amekitwisha kazi isiyo yake.

Turudi kiwandani kwetu. Wastani wa kukaa ni miaka 5. Je, kuna mtu yeyote hapo anayekaa miaka 5?

Inawezekana hayupo hata mmoja. Tuseme kati ya wageni 60 wa kila mwaka, 40 wanakaa nusu mwaka na kuondoka, na 20 wanakaa miaka 14. Jumla ya miaka yao: 40 mara nusu ni 20, 20 mara 14 ni 280, ukijumlisha ni 300. Gawanya kwa watu 60, unapata miaka 5 kamili. Wastani haudanganyi, ila haumwelezi mtu yeyote aliyemo ndani.

Sasa tazama ni nani utawakuta ukiingia kiwandani leo. Kanuni ya Little inafanya kazi kwa kila kundi peke yake. Wa muda mfupi: wanaingia 40 kwa mwaka, wanakaa nusu mwaka, kwa hiyo kwa wakati wowote wapo 20. Wa muda mrefu: wanaingia 20, wanakaa miaka 14, kwa hiyo wapo 280. Theluthi mbili ya watu wanaoajiriwa na kampuni hii wanaondoka baada ya miezi sita, lakini ukisimama uwanjani wakati wa chai, zaidi ya asilimia 93 ya unaowaona ni wa kudumu. Ni kama kupanda daladala katikati ya safari ndefu na kuwauliza abiria waliomo wanashukia wapi: wengi watakutajia kituo cha mwisho, kwa sababu waliopanda na kushuka baada ya vituo viwili hawamo tena uwaulize. Anayekaa muda mrefu ana nafasi kubwa zaidi ya kukutwa. Wanatakwimu wanalijua jambo hili kama upendeleo wa urefu, na linajitokeza popote unapochukua picha ya kitu kinachopita.

Basi sasa leta dodoso la ustawi. Tuseme katika wale wa kudumu, asilimia 80 wanasema wako vizuri. Katika wale wa muda mfupi, asilimia 25. Siku ya dodoso, 224 kati ya wale 280 wanajibu ndiyo, na 5 kati ya wale 20 wanajibu ndiyo. Jumla 229 kati ya 300, zaidi ya asilimia 76. Mkurugenzi anaipeleka namba hiyo kwenye bodi, na ana haki ya kuridhika nayo. Lakini tuulize kwa njia nyingine: katika kila watu 60 ambao kampuni inawachukua, wangapi kazi hii inawaweka vizuri? Ni 10 kati ya wale 40, na 16 kati ya wale 20. Jumla 26 kati ya 60, asilimia 43. Kampuni ni moja, mwaka ni mmoja, majibu ni ya kweli pande zote mbili. La kwanza linahusu viti na la pili linahusu watu waliovipitia.

Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kampuni inayofukuza haraka wote wasioridhika itapata alama nzuri zaidi ya ustawi mwaka unaofuata, bila kumfanyia mema mtu yeyote. Madaktari waliligundua tatizo la namna hii zamani. Mwaka 1885 William Ogle, aliyekuwa akisimamia takwimu za vifo Uingereza, alionya kwamba vifo vya watu wa kazi mbalimbali havilinganishwi hivihivi, maana kazi ngumu huwakataa walio dhaifu tangu mwanzo na huwasukuma nje wanaodhoofika baadaye. Wanaobaki wanaonekana wana afya, na kazi inaonekana haina madhara. Wataalamu wa afya kazini bado wanapambana na mtego huo kila wanapotaka kujua kama vumbi la karakana fulani linaharibu mapafu: wenye mapafu yaliyoharibika wako nyumbani.

Dawa ya mtego huu ni kuacha kuhesabu waliopo na kuanza kuhesabu rika. Rika hapa ni wote walioajiriwa ndani ya kipindi kimoja, tuseme Machi. Unawaandika majina, halafu kila mwezi unaangalia wangapi bado wapo. Aliyeondoka haondolewi kwenye karatasi. Anawekewa alama tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa Taasisi ya Tavistock walifanya kazi na kampuni moja ya ukubwa wa wastani London, Glacier Metal, iliyotengeneza beringi. Mwaka 1950 watatu kati yao, Rice, Hill na Trist, walichapisha makala iliyoyachukua maondoko ya wafanyakazi kama mchakato wenye hatua zake badala ya asilimia moja ya mwisho wa mwaka. Walipofuata marika waliona mchoro uliorudiwa baadaye katika viwanda vingi: mwanzoni watu wanaporomoka kwa kasi, kisha kasi inapungua, kisha mstari unakaribia kulala. Hatua ya kwanza waliiona kuwa ni shida ya kuingizwa, wakati mgeni na kampuni wanapimana. Ya pili ni kipindi cha kupita, mtu akiwa nusu ndani nusu nje. Ya tatu ni kutulia.

Kwa nini mstari una umbo hilo? Hapa pana utamu wa kisayansi, na nitakaa kidogo.

Maelezo ya kwanza yanayomjia mtu ni kwamba watu hubadilika: wanazoea, wanapata marafiki, wanajifunza kazi, wanajenga karibu. Yana mantiki. Lakini kuna maelezo mengine ambayo hayahitaji mtu yeyote abadilike hata kidogo. Chukua rika la watu 100. Wa aina ya kwanza ni 50, na kila mwezi mmoja kati ya watano wao anaondoka. Wa aina ya pili ni 50 pia, na kila mwezi wawili kati ya mia wao wanaondoka. Mwezi wa kwanza wanaondoka 10 wa aina ya kwanza na mmoja wa aina ya pili: 11 kati ya 100, asilimia 11. Baada ya miezi sita, wa aina ya kwanza wamebaki kama 13 tu, wa pili kama 44. Mwezi wa saba wanaondoka kati ya 3 na 4 katika watu 57, yaani asilimia 6. Baada ya mwaka mzima kasi imeshuka hadi asilimia 3 na nusu hivi. Rika linaonekana limetulia. Hakuna aliyetulia: wasiotulia wameshaondoka na wameacha hesabu kwa wengine.

Maelezo haya mawili yanazaa mchoro mmoja, na mchoro peke yake hauwezi kukuambia lipi ni lipi. Matibabu yake, hata hivyo, yanatofautiana sana. Kama watu hubadilika, fedha ziende kwenye miezi ya mwanzo: mtu wa kumwelekeza mgeni, sare zilizo tayari siku ya kwanza, mshahara wa kwanza usiochelewa. Kama watu wanatofautiana tangu mlangoni, basi shida iko kwenye usaili na kwenye ukweli wa maelezo ya kazi: mtu ameambiwa atakuwa ofisa ghala, amefika akakuta ni kubeba maboksi. Njia ya kuyatenganisha ni kufanya jaribio dogo. Marika mawili yanayofuatana yapokelewe kwa njia mbili tofauti, mengine yote yakiachwa kama yalivyo, na yafuatwe kwa miezi sita. Kwa maoni yangu jaribio moja la namna hiyo lina thamani kuliko semina kadhaa za motisha.

Kuondoka kwa watu kunawagusa pia wanaobaki, na hapo nako kuna hesabu. Nenda kwenye laini ya kufungasha chupa yenye watu 12. Asubuhi kukiwa na unyevunyevu, karatasi za nembo hushikana mbili mbili. Mwendeshaji aliyezoea analijua hilo kabla mashine haijalia, na mwenzake wa pembeni akiona tu amegeuza bega anasogea na kushika chupa zinazokuja. Hawasemezani. Ujuzi huo haumo kwenye kichwa cha mmoja wao. Uko baina ya wawili. Watu 12 wana jozi ngapi? Kila mmoja ana wenzake 11, na kila jozi ukiihesabu hivyo unaihesabu mara mbili, kwa hiyo 12 mara 11 gawanya kwa 2 ni 66. Waondoe watatu, ulete wageni watatu. Wazoefu 9 waliobaki wana jozi 36 zilizosalimika. Jozi 30 zimevunjika. Umebadilisha robo ya watu, lakini umevunja asilimia 45 ya mahusiano yanayoendesha laini. Hii ndiyo sababu msimamizi wa zamu analalamika kuliko namba inavyoonyesha, na yuko sahihi. Ndiyo sababu pia wazoefu huchoka: kila jozi mpya wanaijenga wao, juu ya kazi yao ya siku, bila nyongeza ya malipo.

Uchovu huo una historia ndefu ya utafiti. Mwaka 1979 Robert Karasek alitoa hoja kwamba kinachoumiza zaidi si wingi wa kazi peke yake, bali kazi nyingi iliyokutana na uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuifanya. Ushahidi mzito ukatoka Whitehall, eneo la ofisi za serikali London. Utafiti wa kwanza, ulioanza mwaka 1967, ulifuata watumishi wanaume zaidi ya 17,000. Wote walikuwa waajiriwa wa serikali katika mji mmoja. Hakuna aliyechimba madini. Hata hivyo, wa ngazi ya chini kabisa, wakiwemo matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wale wa ngazi ya juu. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 ukiwa na wanaume na wanawake 10,308 chini ya Michael Marmot, ulipima pia nguvu ya mtu ya kuamua mambo ya kazi yake, ukakuta kwamba walioikosa walipata ugonjwa wa moyo zaidi. Kwa somo letu, jambo la kuangalia hapa ni mbinu yao. Watafiti hao waliendelea kuwafuata watu walipohama, walipostaafu na walipoacha kazi. Wangewapima tu waliokuwa mezani kila mwaka, sehemu kubwa ya madhara ingetoka nje ya mlango pamoja na waliodhurika.

Sasa muundo wa wafanyakazi, ambao nimeuacha makusudi hadi hapa. Ule mchanganyiko wa makundi mawili niliouchukulia tu kama mfano hautokei wenyewe. Mara nyingi umetengenezwa. Bandari ya Mombasa kabla ya miaka ya 1950 iliendeshwa kwa vibarua wa kutwa. Meli ikija wanaitwa, ikiondoka hawajulikani. Kwa waajiri ilikuwa nafuu. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowahusisha maelfu ya wafanyakazi wa mji mzima, serikali ya kikoloni ilianza kukiri kwamba watu wasio na chochote cha kuwafunga kwenye kazi hawawezi kutegemewa, na ajira ya bandarini ikasogezwa hatua kwa hatua kuelekea mikataba ya mwezi. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu bandari hiyo, alionyesha upande mwingine wa jambo hili: kibarua alikuwa na uhuru wake wa kuchagua siku ya kufanya kazi, na ajira ya kudumu ilileta usalama pamoja na usimamizi mkali zaidi. Na Tume ya Carpenter nchini Kenya, mwaka 1954, ilipendekeza mshahara unaoweza kulea familia badala ya ule wa mwanaume asiye na mke. Kabla ya hapo mfumo mzima ulikuwa umejengwa juu ya mtu anayepita, kisha watu wakalaumiwa kwa kupita.

Leo mchanganyiko huo unatengenezwa kwa karatasi. Kiwanda chetu cha mfano kina mlinzi getini, wafagiaji wawili na mama wanne wa jikoni. Mwaka juzi walikuwa kwenye orodha. Mwaka jana kazi zao zilipewa kampuni ya wakala. Sare zikabadilika, mshahara ukapungua, watu wakaanza kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kwenye taarifa ya mwaka, kiwango cha kuondoka kimeshuka na alama ya ustawi imepanda, kwa sababu waliokuwa wakiondoka sana na kulalamika sana hawahesabiwi tena. Mlinzi anawafungulia geti watu wote 300 kila asubuhi na hayumo katika 300. Hili linanikera, na sioni sababu ya kulisema kwa upole: namba iliyoboreshwa kwa kumtoa mtu kwenye hesabu haijaboresha kitu.

Sheria nazo zina mstari wake. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefika mwezi mmoja anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki ya notisi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu aliyetumikia chini ya miezi sita. Waajiri wanasema kipindi cha kupimana kinahitajika, na wana hoja. Lakini uuweke mstari huo juu ya mchoro wa Glacier: miezi ambayo watu wanaporomoka kwa wingi ndiyo miezi ambayo kinga yao ni ndogo kabisa, na sauti yao haimo kwenye dodoso.

Anayetaka kupima vizuri hahitaji programu ya gharama. Orodha ya mishahara ya miaka mitatu inatosha kuchora marika. Waliopo kupitia wakala wawekwe ndani ya hesabu, kwa safu yao wenyewe. Aliyeondoka apigiwe simu baada ya miezi mitatu. Namba yake ipo, maana malipo ya mwisho yalitumwa kwa simu hiyohiyo. Apigiwe na mtu ambaye hakuwa bosi wake, kwa sababu siku ya kuondoka mtu husema amepata kazi karibu na nyumbani, na miezi mitatu baadaye anaweza kusema msimamizi alikuwa akimtukana mbele ya wenzake. Sababu ziandikwe zikitenganishwa: aliyeacha, aliyeachishwa, aliyemaliza mkataba, aliyestaafu. Kuzichanganya ni kupoteza habari zote nne.

Na pawe na subira na namba ndogo. Idara ambayo kwa wastani inapoteza watu 6 kwa mwaka itayumba yenyewe: kiasi cha kawaida cha kuyumba kwa hesabu kama hii ni kipeuo cha pili cha wastani wake, na kipeuo cha pili cha 6 ni kama 2.4, kwa hiyo mwaka wa watu 4 na mwaka wa watu 8 ni ya kawaida kabisa, hata kama hakuna kilichobadilika. Meneja aliyesifiwa kwa 4 na kugombezwa kwa 8 ametendewa kwa bahati nasibu. Unganisha marika ya miaka miwili au mitatu ndipo useme. Udogo huohuo una hatari ya pili, upande wa dodoso: ghala likiwa na wanawake wanne, ukitoa majibu kwa idara na kwa jinsia umeshawataja kwa majina, na mwaka ujao wote wanne watajibu kwamba wako vizuri. Majibu ya kundi lisilofika watu 10 yaunganishwe na ya kundi jirani kabla hayajafika kwa mkuu wa idara, na wanaojibu waambiwe hivyo kabla hawajashika kalamu.